Nahodha Aliyewaonea Haya Wageni

Kijijini Mbwera, mtu akinyamaza sana kwenye mazungumzo, wenzake humuuliza, "Vipi, leo umekuwa Zaidi?" Na Zaidi mwenyewe akiwepo hucheka kidogo, akaangalia chini, mazungumzo yakaendelea.

Alizaliwa hivyo. Alisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana mwandiko mzuri ila bado hajamsikia akisema. Siku ya ndoa yake shehe alimuuliza mara tatu, maana "nimekubali" yake iliishia kwenye kola ya kanzu. Bibi harusi, Sabra, alikuwa chumbani na wanawake, akawaambia, "Mwacheni, mie nimeshamsikia." Wakaishi vizuri. Walipata mtoto mmoja wa kike, ambaye sasa ameolewa Chumbi na ana mashamba yake ya mpunga, na wao wawili wakabaki na nyumba yao ya bati karibu na maji.

Zaidi alilima, akavua kamba, akabeba mizigo ya watu kwa mtumbwi. Miaka sita iliyopita kikundi cha kijiji kilipata boti ya mota ya kuwatembeza wageni, wakamchagua yeye kuwa nahodha. Hakukuwa na mjadala mrefu. Mito ya delta inahama. Mahali palipokuwa na kina mwaka jana, mwaka huu kuna fungu la mchanga na ndege wamesimama juu yake. Zaidi aliyajua maji hayo kwa kuyatazama rangi tu. Nahodha mwingine, Maneno, alikuwa na boti yake mwenyewe na mdomo mzuri zaidi, lakini alikuwa akikwama.

Wageni waliletwa na Paschal, mtu wa bara, kwao Biharamulo, aliyefungua ofisi ndogo Kibiti mjini karibu na stendi. Wengi walikuwa wametoka Mloka kuangalia tembo, na kabla ya kurudi Dar walitaka kuona viboko, mikoko na ndege wa pwani. Paschal aliwaleta kwa gari mpaka gati la Nyamisati, Zaidi akawachukua hapo kwa maji mpaka kambi ya mahema nje kidogo ya kijiji. Walikuwa watu wazuri, wenye shukrani. Tatizo lilikuwa moshi.

Wavutaji Mbwera wapo, tena wengi. Lakini mvutaji wa Mbwera ana adabu zake. Akipita mbele ya msikiti huizima. Akiongea na mtu aliyemzidi umri hugeuka pembeni. Na akimwona mkwe wake kwa mbali, sigara huingia ndani ya kiganja, moto ukaelekea kwenye mkono, vidole vikafumba, na salamu ikatolewa kwa mkono mwingine. Kila mtu anajua fulani anavuta, hata mkwe wake anajua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuonyeshwa ni kitu kingine. Zaidi mwenyewe alivuta ujana wake wote, akaacha mwaka aliooa, kwa sababu baba yake Sabra, mzee Abdulswamadu, alimwomba hivyo, naye aliona kumkatalia ni kazi kubwa kuliko kuacha.

Wageni hawakujua hayo. Walishuka dikoni, mitumbwi inapofungwa, na sigara mdomoni, mahali ambapo akina mama huchambua kamba na kuwaanika. Siku moja mgeni mmoja wa kike aliketi kwenye ngazi ya msikiti, pale pale watu wanapovua viatu, akawasha. Mwenyekiti wa kitongoji akaandika ubao kwa rangi nyekundu, USIVUTE SIGARA HAPA, akaupigilia dikoni. Wageni wa wiki ile waliupenda sana. Walipiga picha pembeni yake, wawili kati yao wakiwa wanavuta.

Lawama zote zilimjia Zaidi.

"Zaidi, wageni wako watatutilia majivu kwenye kamba," alisema Muzdalifa, mkubwa wa akina mama wa dikoni. "Waambie."

"Nitawaambia, dada."

"Ulisema hivyo mwezi wa saba."

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Alichofanya ni kupanga mambo. Mgeni mwenye sigara alimkalisha nyuma kabisa ya boti, upande moshi unakokimbilia. Njia ya msikitini aliizunguka, akasema kuna tope. Akina mama wakiwa dikoni aliwashusha wageni upande wa juu, kwenye matope kweli, akawapa mkono mmoja mmoja. Wageni waliondoka wakimsifu kwamba hawajapata kuona nahodha mpole kama yule, wala hawakujua wamezungushwa. Zaidi alijiambia kwamba mgeni ni wa siku mbili, na kumwaibisha mgeni ni kujiaibisha mwenyewe. Alipoifikiria vizuri ilionekana ni adabu. Hakuifikiria zaidi ya hapo.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tisa. Zaidi aliondoka kabla ya adhana ya alfajiri ili ayawahi maji, simu akaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe, na njia nzima ya mikokoni mtandao hakuna. Nyamisati alikaa mpaka jua likapanda, maana gari la Paschal lilipata pancha. Wageni walikuwa wawili, mtu na mkewe. Mume aliitwa Henrik, mrefu, ndevu nyeupe, mcheshi. Alimshika Zaidi mkono kwa mikono miwili. Safari hii Paschal naye alipanda boti, awe mkalimani wao. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa walipoingia mto wa kurudi.

Mchana, adhuhuri imepita kitambo, walipokunja kona ya mwisho kabla ya Mbwera, Zaidi alisikia sauti za wanaume zikitamka shahada kwa pamoja, polepole. Akazima mota papo hapo.

Mbwera wana makaburi yao ng'ambo, kwenye kisiwa chenye ardhi ya juu, kwa sababu upande wa kijiji mto ukifura maji huingia mpaka ndani ya nyumba. Kwa hiyo maiti huvushwa. Na maiti hapigiwi mota, hupigiwa kasia. Anayekutana na msafara huo huzima mashine, hujisogeza kando, na kama anaweza kusimama husimama, kimya, mpaka wapite.

Mitumbwi ilikuwa mitatu, mikubwa. Watu walikuwa na kanzu nyeupe zimekunjwa magotini. Katika ule wa kwanza lilikuwapo jeneza, limefunikwa kitambaa cha kijani, na aliyeketi upande wa kichwa alikuwa mkwe wake, mzee Abdulswamadu. Zaidi akasimama. Akaanza kuwahesabu wazee mmoja mmoja kwa macho, akamkosa mmoja. Mzee Mshamu hayupo. Ni mdogo wake mkwe. Baba mdogo wa Sabra, aliyewapa shamba la kwanza walilolima.

Hapo ndipo alipousikia moshi.

Aligeuka. Henrik alikuwa amesimama pia, anaangalia kwa furaha, sigara midomoni. Maneno yalikuwepo. Hata Kiingereza kidogo alichokuwa nacho Zaidi kingetosha. Lakini mdomo wake haukufunguka. Alinyoosha mkono tu, akaitoa ile sigara midomoni mwa mgeni taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, halafu akabaki nayo. Kuitupa majini, mbele ya maiti, aliona ni ubaya zaidi. Kuikanyaga, viatu hakuvaa. Mtumbwi wa kwanza ukawa umefika ubavuni, mkwe wake akageuza uso kumwangalia. Mkono wa Zaidi ukafanya wenyewe kile ulichozoea kufanya zamani: sigara ikaingia kiganjani, moto ndani, vidole vikafumba.

Kila mwanamume katika mitumbwi ile mitatu aliijua ishara hiyo. Wengi wao waliifanya kila siku. Na moshi ulikuwa unamtoka Zaidi katikati ya vidole.

Mitumbwi ilipita. Maiti hapitishwi kwa maneno, ila kwa shahada tu. Kiganja kilipomshinda aliufungua mkono, sigara ikaangukia ndani ya boti kwenye maji ya miguuni, ikazimika. Paschal alikuwa anaangalia simu yake. Henrik alicheka, akasema kitu, akampiga bega kirafiki. Alidhani ni mzaha.

Aliwafikisha wageni kambini, akaoga, akavaa kanzu, akavuka kwa mtumbwi wake kwenda msibani, kitongoji cha pili, nyumbani kwa mkwe wake. Wanaume walikuwa wamerudi makaburini, wamejaa kwenye jamvi. Alitoa salamu. Wakaitikia. Alipoketi, waliokuwa karibu naye hawakusogea kumpisha wala hawakusogea kumkimbia. Walibaki vilevile, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kahawa ilipita. Mzee Abdulswamadu alikuwa anazungumza na wageni waliotoka Ikwiriri, hakuangalia upande wake.

Swaumu, mdogo wake Sabra, ndiye aliyemfuata alipokwenda kunawa. Shemeji huyu alikuwa mtani wake tangu siku ya posa, na hata msibani ulimi wake haukuvaa kaniki.

"Shemeji! Kumbe umeanza upya? Hukutuambia tukununulie kiberiti."

Zaidi akanawa.

"Wenzio wanabeba maiti, weye umebeba Wazungu. Tena unapuliza kama mota ya boti yako. Ni sigara gani hiyo shemeji, tamu hivyo hata baba mdogo hakusubiriwa apite?"

"Sabra yuko wapi?"

"Ndani." Hapo utani ukamtoka usoni. "Kaka, baba amesema dada abaki hapa kwanza. Matanga yakiisha abaki vilevile, mpaka utakapopata la kusema. Na sie tunakujua. Mwaka utaisha hujapata la kusema."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Dada? Hajasema kitu. Ameambukizwa na weye."

Zaidi alirudi nyumbani peke yake. Aliinjika wali, akakaa mbali nao, ukaungua huku anautazama. Aliula hivyo hivyo. Miaka ishirini na miwili alikuwa haongei sana katika nyumba ile, na hakuwahi kuona kwamba ni kimya. Sabra alikuwa akiongea kwa ajili ya wawili.

Kulikucha, akafanya lile alilofanya siku zote mambo yalipomzidi. Alikwenda kwa Abdulhalim.

Abdulhalim mshona nyavu ndiye aliyekuwa mshenga wake. Alipeleka posa. Alipeleka mahari. Mwaka wa kwanza Zaidi na Sabra walipogombana kuhusu paa, ni yeye aliyekwenda kuomba radhi. Hata mpaka wa shamba ulipoleta maneno, alikwenda Abdulhalim. Ndivyo inavyofaa, mkwe haendewi uso kwa uso na jambo zito. Ila watu wengine mshenga humtumia mara moja au mbili katika maisha.

"Miaka ishirini na miwili mie ndo mdomo wako," alisema Abdulhalim bila kuacha kushona. "Nikifa utaniazima kaburini?"

"Mwambie mzee sikujua habari za msiba. Nilitoka alfajiri."

"Hilo amelijua. Endelea."

"Na mwambie ile sigara..."

"Ile sigara nini?"

Zaidi aliangalia wavu. "Mwambie tu, ile sigara."

"Niende mpaka kule, niketi mbele ya mfiwa, niseme 'ile sigara', halafu ninyamaze? Atanipa kahawa nitoke." Akaweka chini sindano ya wavu. "Ulivuta?"

"Sikuvuta."

"Basi ilikuwa ya nani?"

Zaidi alishika ukingo wa wavu. Kusema ni ya mgeni ilikuwa rahisi, maneno matatu tu. Lakini yule mtu alimpa mkono kwa mikono miwili, na amelala kwenye kambi ya kijiji, na kumtangaza katika msiba wa watu wasiomjua kulikuwa kama kumfungia mlango wakati mvua inanyesha. Abdulhalim alimtazama, akatikisa kichwa, akatafuta kofia yake.

Alirudi saa nne. Aliketi kwanza, akaomba maji, akayanywa.

"Nimeletewa jibu kabla sijasema swali. Mzee anasema hivi, na amenirudisha mara mbili niseme kama alivyosema: 'Mwambie najua hakuvuta. Moshi niliuona kabla yeye hajageuka, mie macho yangu hayajaharibika. Mie sina ugomvi na sigara. Nina ugomvi na mdomo wake.'"

"Basi?"

"Kuna lingine. 'Na mwambie safari hii asimtume mtu.'" Abdulhalim akachukua wavu wake. "Kwa hiyo mie nimestaafu. Leo leo."

Kwamba mkwe wake alijua hakuvuta kulimpa Zaidi nafuu, halafu nafuu ile ikageuka. Kama kosa si sigara, basi hakuna wa kulitupia. Angekwenda kwa mzee aseme nini? Aseme ni mgeni? Mzee anajua ni mgeni. Alichotaka kusikia ni kwamba mgeni yule ameambiwa. Na mgeni hakuambiwa. Yule na wote waliomtangulia kwa miaka sita.

Akaondoka kuelekea kambini.

Henrik alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya hema, anavuta, mkewe akisoma kitabu. Paschal alikuwa anakagua majokofu ya soda. Zaidi alimwita pembeni, akamwambia anataka kuzungumza na mgeni kuhusu jana.

"Jana kulikuwa na nini?"

Zaidi akamweleza. Paschal akashika kiuno. "Aisee, pole sana. Pole kwa msiba. Lakini ndugu yangu, tusimharibie mteja likizo yake. Kesho anaondoka."

"Nisaidie kumwambia."

Wakaenda. Zaidi alisimama mbele ya mgeni, mikono nyuma, akasema. Alisema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima: kwamba jana ile ilikuwa maiti, ni baba mdogo wa mkewe, kwamba maiti akipita watu hawavuti, kwamba na dikoni na msikitini pia ni hivyo. Paschal akayageuza kwa Kiingereza, yakatoka mafupi kama salamu. Henrik akatabasamu, akamwinulia kidole gumba.

Zaidi alimwangalia Paschal. "Hujamwambia."

"Nimemwambia."

"Mtu aliyeambiwa habari za maiti hacheki."

"Nimemwambia kistaarabu."

Zaidi alihisi masikio yanawaka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Aliinua mikono yote miwili begani, viganja juu, kama mtu aliyebeba mti wa jeneza, akatembea hatua nne mbele ya mahema, polepole, kichwa chini. Akasimama. Akajilaza chini mchangani, chali, akafumba macho, mikono ubavuni. Kisha akainuka, na mchanga mgongoni, akaionyesha sigara iliyokuwa mkononi mwa Henrik, akatikisa kichwa.

Mke wa Henrik ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka mkono mdomoni. Henrik aliiangalia sigara, akamwangalia Zaidi, shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni. Akasema kwa Paschal, haraka haraka, maneno mengi, na safari hii Paschal hakufupisha.

"Anasema hakujua. Anasema aliona watu wamevaa nguo nyeupe na kitambaa cha kijani, wanaimba, akadhani ni harusi. Kwao wafiwa huvaa nyeusi. Alikuwa anafurahi pamoja nao." Paschal akameza mate. "Anauliza kwa nini hukumwambia pale pale."

"Mwambie niliona haya."

"Haya za nini tena? Boti ni yako!"

"Mwambie hivyo hivyo."

Henrik alisikiliza. Hakukasirika, ila alijibu kwa uso mzito.

"Anasema," alisema Paschal, na sasa hata yeye sauti ilishuka, "haya zako zimemponza yeye. Watu wale wote wamemwona mtu asiye na adabu, na hakupewa nafasi ya kuwa nayo."

Zaidi hakuwahi kuliona jambo kwa upande huo. Miaka sita aliwazungusha wageni penye msikiti, akawashusha kwenye matope, akadhani anawahifadhi. Kumbe aliwaacha wafanye ujinga mbele ya watu, siku baada ya siku, wakati neno moja lingewasitiri. Na Muzdalifa na wenzake nao aliwaacha na majivu yao.

"Mwambie nimekosa," alisema. "Na mwambie nitasema yote sasa, asikie. Dikoni, hapana. Karibu na msikiti, hapana. Mbele ya wazee, hapana. Hapa kambini, sawa, avute atakavyo. Na kwenye boti yangu, hapana."

Henrik alikubali kwa kichwa mpaka ilipofika boti. Hapo akabisha. Kwenye boti ni upepo mtupu, alisema, anamkera nani? Amevuta miaka arobaini, hawezi kukaa saa tano bila kuvuta. Walibishana kwa heshima, kila mmoja akimngoja Paschal amalize. Mwishowe Zaidi alisema kila saa atasimamisha kwenye fungu la mchanga, mgeni ashuke, avute, warudi safarini.

"Maji yakitupwelea kwenye fungu tulale huko?" alisema Paschal. "Zaidi, mie nina wageni wengine Ijumaa. Kila anayekuja nitamwambia kuna nahodha mwenye sheria kama za kanisani?"

"Waambie. Mie pia nitawaambia."

Paschal alikwenda pembezoni mahali penye mtandao, akapiga simu.

Asubuhi yake boti iliyofuata wageni kambini ilikuwa ya Maneno. Maneno haulizi mtu sigara. Zaidi alikuwa dikoni, akawaona wakipita. Henrik alikuwa ameketi mbele, sigara mkononi haijawashwa. Alimwona Zaidi, akaweka mkono kifuani. Mpaka wanaupita msikiti alikuwa hajaiwasha. Baada ya kona, Zaidi hakujua.

Alikwenda kuvaa kanzu yake, akavuka.

Ilikuwa siku ya tatu, hitima imekwisha, watu wanatawanyika. Mzee Abdulswamadu alikuwa uani akisimamia vyombo vya kuazima virudishwe kwa wenyewe. Zaidi alimfuata mpaka pale, akasimama. Hakuwa na mtu nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja mwenyewe."

"Nakuona." Mzee akainama, akashika sikio moja la sufuria kubwa la pilau. "Shika huko. Hili la Muzdalifa."

Wakalibeba, huyu huku, yule kule, wakaenda nalo taratibu kwenye njia ya mtoni. Zaidi alianza kusema. Alisema huku anaangalia njia, na hilo lilimsaidia. Alieleza jinsi alivyokwenda kwa mgeni, alivyojilaza mchangani, aliyojibiwa, na kwamba Paschal amempa Maneno kazi, na pengine hatamrudia.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Wakatua sufuria wapumzike.

"Ulipoificha ile sigara kiganjani," alisema, "nilijua unanificha mie. Mtu mzima na mvi zake. Kicheko kilinijia, Mungu anisamehe, na ndugu yangu amelala miguuni pangu. Halafu nikakasirika. Nikajiuliza, nahodha ambaye hawezi kumwambia abiria hiki acha, siku ya mawimbi atamwambia keti? Na mwanangu ndani ya boti hiyo?"

"Ni kweli, baba."

"Na kazi imekwenda."

"Imekwenda."

"Mm." Mzee akashika tena sikio la sufuria. "Wale waliokwama na Maneno watakutafuta. Wasipokutafuta, mpunga upo."

Walipofika mtoni, Sabra alikuwa ameshaketi ndani ya mtumbwi wa Zaidi, kaniki ya msiba mwilini, kikapu na mkeka wake mapajani. Swaumu alikuwa amesimama pembeni, anatafuna muwa.

"Nani amekwambia ushuke?" aliuliza mzee.

"Hakuna," alisema Sabra. "Nimemwona anavuka peke yake bila Abdulhalim, nikafunga mkeka."

"Shemeji," alisema Swaumu, "siku nyingine ukijilaza mchangani uniite. Hayo mambo hayaonwi mara mbili." Habari zilikuwa zimeshavuka mto kabla yake.

Zaidi alipakia sufuria katikati, akasukuma, akaruka ndani. Maji yalikuwa yanajaa. Alipiga kasia mara tano, sita. Sabra alimtazama tu, na yeye akaelewa kwamba leo haongei kwa ajili ya wawili.

"Yule mzee alidhani ni harusi," alianza Zaidi.

"Nani?"

"Mgeni. Kwa sababu ya kanzu."

"Harusi?"

"Ngoja nianze mwanzo. Gari la Paschal lilipata pancha," alisema, na akamweleza kuhusu pancha, kuhusu ndevu za mgeni, kuhusu rangi ya maji asubuhi ile. Mtumbwi ulipogusa ng'ambo alikuwa bado hajafika penye mazishi. Sabra hakushuka. Alisogeza kikapu, akamwambia aendelee.